Studio ya kurekodia nyumbani, Arusha na Moshi: chumba kwanza, vifaa baadaye

Pesa ya studio ya kwanza hupotea kwa njia ileile kila mara. Mtu ananunua maiki kubwa inayong'aa, anaifunga kwenye chumba cha tofali chenye bati juu, halafu anashangaa sauti inatoka kama ya mtu aliye ndani ya tangi la maji. Maiki haina kosa. Imenasa kilichokuwepo: kuta nne ngumu, jogoo wa jirani, boda iliyokuwa inapandisha kilima na mvumo wa umeme.

Ndiyo maana hapa tunaanza na chumba. Kuhusu bei, zinakwenda na dola, kwa hiyo ni salama kuhesabu kwa mafungu. Gawa pesa yako mafungu 10: matano ya kompyuta kama huna, mawili ya saundi kadi (kifaa cha kuingiza maiki kwenye kompyuta) na maiki, moja la hedifoni, moja la waya na stendi, na moja la chumba na umeme. Spika hazimo. Zitakuja baadaye, na utaona kwa nini.

Sikiliza chumba kabla ya kununua chochote

Weka simu katikati ya chumba, rekodi dakika tano za kimya. Fanya hivyo mara tatu: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Kisha vaa hedifoni uzisikilize. Utagundua mambo ambayo sikio limeshayazoea: friji ya chumba cha pili, luva za dirisha zinazotetemeka gari likipita, mbwa. Bati lina tabia yake pia. Jua likipanda linatanuka na kulia "ta, ta", na jioni likipoa linasinyaa na kulia tena. Kwa nyumba nyingi, saa nzuri za kuingiza sauti ni kuanzia saa 4 usiku, au asubuhi kabla jua halijashika bati.

Mvua juu ya bati haina dawa ya bei nafuu. Siling bodi inapunguza, lakini haimalizi. Masika, yaani Machi hadi Mei, panga kazi za kutengeneza biti na kumiksi siku za mvua, na sauti uziweke pale mbingu zinapotulia.

Ukiwa na uhuru wa kuchagua chumba, kwepa cha mraba. Kuta mbili zinazotazamana umbali wa mita 3 zinakuza besi ya karibu hezi 57 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde): chukua mwendo wa sauti, mita 343 kwa sekunde, gawa kwa mara mbili ya umbali huo. Chumba cha 3 kwa 3 kinaikuza besi ileile pande zote mbili, ndiyo maana noti moja ya besi inavimba na nyingine zinapotea. Cha 3 kwa 4 kinagawa tatizo: 57 upande mmoja, 43 upande mwingine. Halafu piga kofi moja kali. Ukisikia mlio mfupi wa "trrr" baada ya kofi, hizo ni kuta zinarushiana sauti, na maiki itausikia mlio huo katika kila neno.

Paneli nne za mablanketi na kanga

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuzuia sauti isiingie wala kutoka ni kazi ya uzito na kuziba matundu. Kunyonya mwangwi ndani ya chumba ni kazi ya vitu vinene na laini. Trei za mayai hazifanyi ya kwanza hata kidogo, na ya pili zinaigusa kwa juu juu tu: zinapunguza sauti kali za juu na kuacha kila kitu kingine, hivyo chumba kinabaki na mngurumo. Juu ya hayo ni karatasi, zinashika moto haraka. Ziache zibebe mayai.

Paneli inayofanya kazi inatengenezwa hivi. Nunua mbao ya inchi 1 kwa 4, urefu wa futi 12. Ikate vipande viwili vya sentimita 120 na viwili vya 60, na itabaki kama sentimita 5 za kupotelea kwenye msumeno. Piga fremu, vipande vifupi vikae ndani ya virefu. Kata miguu miwili kwenye mabaki ya mbao za fundi ili paneli isimame yenyewe, kwa sababu utakuwa unazihamisha.

Ndani jaza mablanketi mazito ya mtumba. Soko la Kilombero kwa Arusha, Memorial au Kiboriloni kwa Moshi, utayapata bila shida. Yakunje yafikie unene wote wa fremu, kama sentimita 10, bila kuyashindilia. Blanketi lililobanwa sana linaanza kutenda kama ukuta. Nyuma pitisha kamba kwa mtindo wa X mara kadhaa na uishone kwenye mablanketi, la sivyo ndani ya miezi michache yote yatakuwa yameshuka chini na juu utabaki na kitambaa kitupu.

Mbele funika kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Kipimo ni mdomo: kibane kitambaa mdomoni na upulize. Pumzi ikipita bila kugoma, kinafaa. Kanga inapita mtihani huo, na doti moja inafunika paneli mbili. Ngozi bandia, turubai na vitambaa vya sofa vyenye mpira nyuma havifai, vinarudisha sauti.

Unene una maana kuliko ukubwa. Unene wa sentimita 10 unaanza kunyonya vizuri karibu na hezi 850. Ukiiacha paneli sentimita 10 mbali na ukuta, inashuka hadi karibu hezi 430 bila kuongeza hata shilingi. Hewa ni bure, itumie.

Sasa mahali pa kuziweka, hapa ndipo wengi wanakosea. Maiki za kurekodia sauti kwa kawaida zinasikia mbele na kuziba masikio nyuma. Mbele ya maiki kuna mwimbaji, na nyuma ya mwimbaji kuna ukuta. Ukuta huo ndio maiki inaoutazama. Kwa hiyo paneli mbili zikae nyuma ya mgongo wa mwimbaji kwa pembe kama kitabu kilichofunguliwa, na moja kila upande. Kuweka kila kitu nyuma ya maiki kunapendeza kwenye picha tu.

Godoro la foam likisimamishwa nalo linasaidia, lakini foam inawaka kwa kasi na moshi wake ni sumu. Liwe mbali na soketi na jiko, na umeme ukikatika usiwashe mshumaa chumba hicho. Kwa kelele za nje, bandika mpira wa kuziba kuzunguka mlango, jaza uwazi wa chini kwa blanketi lililokunjwa, na madirisha ya luva yafunike kwa ubao mzito uliokatwa kwa kipimo chake. Luva hata zikifungwa zinavuja sauti kama chujio.

Kompyuta

Laptopu ya ofisi iliyotumika inatosha kabisa. Tafuta yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 8 au zaidi: ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 5490 kwa kawaida ziko kundi hilo. Sababu si mwaka tu. i5 za laptopu hizi zilipofika kizazi cha 8 zilipata koa (viini vya prosesa) nne badala ya mbili, na hapo ndipo Windows 11 inapoanza kukubali. Windows 10 ilimaliza msaada wake Oktoba 2025, kwa hiyo usiuziwe kizazi cha 6 kwa bei ya kushawishi. RAM GB 8 ni ya kuanzia, 16 ndiyo ya amani. Diski iwe SSD.

Dukani, kabla ya kulipa, fungua video ndefu dakika 15 na usikilize feni. Laptopu inayovuma kama kinu itaingia kwenye kila rekodi. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri uone betri imebaki na uwezo kiasi gani ukilinganisha na ilipokuwa mpya. Betri nzuri ina kazi ya pekee kwetu, tutaifikia kwenye umeme.

Saundi kadi, maiki na hedifoni

Saundi kadi ya nje ya USB si anasa. Tundu la maiki la laptopu lina kelele yake, na halina nguvu ya kuinua maiki ya kweli. Behringer UMC22 inatosha mtu mmoja anayeimba. UMC202HD inakupa maiki mbili kwa wakati mmoja, na kama unafikiria kwaya au gitaa na sauti pamoja, anza na hiyo moja kwa moja. Focusrite Scarlett Solo ni nzuri ila ina tundu moja tu la maiki.

Zile kadi ndogo za rangi nyingi zenye vitufe vya makofi na vicheko, zinazouzwa pamoja na maiki ya BM-800 kwa bei ya kutupa, zimetengenezwa kwa ajili ya kurusha matangazo ya moja kwa moja kwenye simu. Ukitaka wimbo, zipite.

Maiki ni kondensa au dainamiki? Kondensa kama AT2020 inasikia kila kitu kwa undani, pamoja na kifodi (daladala) kinachoita abiria barabarani. Inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi, yaani kitufe kilichoandikwa 48V. Dainamiki kama Shure SM58 haihitaji umeme huo, inaimbiwa karibu, na kelele za mbali zinabaki mbali. Kama nyumba yako iko kando ya barabara Ngarenaro au Majengo, chukua dainamiki bila kujiuliza mara mbili. Kama uko ndani ndani Moshono au Rau na usiku ni kimya, kondensa itakulipa. Tahadhari moja: SM58 bandia zimejaa sokoni. Halisi ina uzito wa karibu gramu 300 bila waya. Ukiishika ikawa nyepesi kama ya plastiki, irudishe.

Waya uwe wa XLR (plagi ya duara yenye pini tatu) pande zote mbili, mita 3 hadi 5. Maiki za karaoke huja na waya wenye XLR upande mmoja na jeki kubwa upande wa pili. Ukiichomeka jeki hiyo kwenye saundi kadi unaingia kwenye njia ya gitaa au kinanda, si ya maiki. Sauti inakuja nyembamba na ya mbali, geni (kiasi saundi kadi inavyoikuza sauti ya maiki) inafika mwisho, na mtu analaumu maiki.

Hedifoni ziwe zilizozibwa nyuma, kwa mfano ATH-M20x. Zilizo wazi zinavujisha biti, na maiki inainasa. Spika za studio ndani ya chumba kisichotibiwa zinakudanganya kuhusu besi, kwa hiyo miksi za kwanza zifanyie kwenye hedifoni na pesa ya spika iendelee kukua.

Umeme na mvumo wake

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50, kwa hiyo mvumo wa umeme unasikika kwenye hezi 50, 100, 150 na kuendelea. Ukiusikia, usikimbilie kubadilisha vifaa. Chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukikatika papo hapo, tatizo ni chaja au ethi (waya wa usalama unaoshuka ardhini), na suluhisho la leo ni kurekodi kwa betri. Ndiyo kazi ya betri tuliyoisema. Ukibaki, sogeza maiki na waya mbali na taa na adapta, halafu zima taa moja moja. Ikiwa ni mlio wa "di-di-dit" wa vipindi, ni simu: iweke mbali au izime mtandao. Kama bado, hakikisha vifaa vyote vinatoka kwenye soketi moja kupitia ekstensheni moja yenye ethi. Vifaa viwili vikipata ethi kwa njia mbili tofauti, mvumo unazaliwa kati yao.

Soketi kuwa na matundu matatu hakumaanishi ethi ipo. Nyumba nyingi waya wa ethi unaishia ukutani, au nondo ya ethi imefukiwa kwenye udongo unaokauka kabisa kiangazi, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Mwite fundi umeme apime. Kukata pini ya ethi ili kuua mvumo ni kuhatarisha maisha: chuma cha maiki kinagusa midomo yako.

Umeme ukikatika na kurudi, subiri dakika chache ndipo urudishe vifaa, maana mara nyingi unarudi ukiwa haujatulia. Kinga ile ya friji inayochelewesha umeme inafaa hapa pia. Siku ukipata spika, ziwashe mwisho na uzizime mwanzo.

Programu na mipangilio

Reaper, programu ya kurekodi na kumiksi, inajaribiwa bure siku 60 ikiwa kamili, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60. Inakwenda vizuri kwenye laptopu dhaifu. Waliozoea FL Studio waendelee nayo, ila wajue toleo la majaribio linahifadhi kazi lakini halikufungulii tena kazi hiyo mpaka ununue. Programu zilizovunjwa zinazozunguka kwenye flashi ni njia ya virusi, na siku zikigoma hakuna wa kumuuliza.

Weka draiva ya ASIO (inayopunguza ucheleweshaji wa sauti kati ya saundi kadi na kompyuta) ya mtengenezaji wa saundi kadi, na kama hana, ASIO4ALL. Mradi uwe biti 24 (hapa biti ni kipimo cha kidijitali, si mdundo), kilohezi 48. Sauti moja ya mono itakula karibu MB 8.6 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne wenye njia 20 ni kama MB 690. Bafa, yaani sampuli za sauti ambazo kompyuta inazikusanya kabla ya kuzishughulikia, iwe 128 wakati wa kurekodi: hiyo ni milisekunde 2.7, mwimbaji haihisi. Ikianza kukwaruza, panda 256. Wakati wa kumiksi weka 1024, kompyuta ipumue. Zima Wi-Fi na masasisho, na uchague mpango wa nguvu kamili.

Hitilafu mbili zinaletwa na karibu kila anayeanza. Sauti inasikika sikio moja tu: umerekodi kwa njia ya stereo wakati maiki iko tundu la kwanza pekee, chagua mono, tundu 1. Unajisikia mara mbili: kitufe cha kujisikia moja kwa moja kwenye saundi kadi kimewashwa na programu nayo inakurudishia sauti, zima kimoja.

Biti kutoka kwa prodyuza mwingine iombe kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), pamoja na kasi na ufunguo wake. Kwenye WhatsApp itumwe kama dokumenti, faili linafika lilivyo.

Kuingiza sauti

Laptopu iwe nyuma ya maiki, umbali wa mita moja na nusu, ili feni yake iangukie upande ambao maiki haisikii. Moshi kuna joto kuliko Arusha na feni ya dari inakushawishi. Izime wakati wa kurekodi, iwashe katikati ya vipande.

Kondensa iimbiwe kutoka sentimita 15 hadi 20, dainamiki 5 hadi 10. Ukisogea karibu zaidi besi ya sauti inavimba. Kukinga "p" na "b" zisipige, vuta soksi nyepesi ya kike juu ya waya uliopindwa duara, iweke sentimita 8 mbele ya maiki.

Geni ipimwe mwimbaji akiimba kiitikio kwa nguvu yake yote, si akisema "moja, mbili". Vilele vifike karibu desibeli -12. Watu wanapenda kuona mita ikigusa juu, lakini kwenye biti 24 nafasi iko tele, na ikipita 0 sauti inapasuka na haitengenezeki. Kisha mwambie anyamaze sekunde 10. Kimya kikikaa chini ya -60, chumba kimekubali. Kikiwa -45, tafuta kelele kabla ya kuendelea. Hizo sekunde za kimya zirekodi pia, zitakusaidia kuziba mapengo baadaye.

Kwaya ya watu 20 usiisukumie kwenye chumba hiki. Beba laptopu, saundi kadi ya matundu mawili na kondensa mbili za aina moja uende kanisani siku isiyo na ibada. Zifunge kwenye stendi moja, vichwa vikiwa mbali sentimita 17 na kutazama nje kwa nyuzi 110 kati yao, mita 2 hadi 3 mbele ya safu ya kwanza, juu kidogo ya vichwa. Mwangwi wa kanisa, uliokuwa adui chumbani, hapo ni nusu ya uzuri. Kama besi wamezidi teno, wasogeze watu, usisogeze vitufe.

Miksi na kuhifadhi

Kwenye sauti, kata kila kilicho chini ya hezi 80 hadi 100, kompresa (inayoshusha sehemu zenye sauti kubwa) ya 3 kwa 1 ishushe desibeli 4 hadi 6 kwenye vilele, na uongeze mwangwi kidogo kuliko unavyotamani. Miksi kwa sauti ya chini. Halafu ijaribu kwenye simu, kwenye sabufa ya sebuleni na kwenye gari. Besi ikipotea kwenye simu si kosa. Maneno yakipotea ndilo kosa. Spotify inasawazisha nyimbo kuelekea LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), kwa hiyo kuibana masta mpaka ikawa ukuta hakukuongezei sauti huko, kunaondoa pumzi tu. Kilele kiishie -1, utoe WAV ya biti 24.

Kila usiku nakili mradi mzima kwenye diski ya nje, na nakala ya pili ikae nyumba nyingine. Flashi mpya yoyote ipimwe kwanza kwa programu ya H2testw. Zipo zinazojitangaza GB 128 na kubeba 8, na zinakubali kupokea faili lote bila kulalamika. Kisha fungua mradi kutoka kwenye nakala yenyewe, upige wimbo mpaka mwisho, ndipo ufute chochote kwenye laptopu.